Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kampeni ya Kuboresha Sheria za Matibabu ya Magonjwa Makali ya Akili

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya ndugu, wagonjwa wenyewe, wahudumu wa afya na raia wengine wanaotaka sheria ya afya ya akili katika nchi yao irekebishwe, ili mtu mwenye ugonjwa mkali atibiwe mapema na kwa heshima. Msimamo wetu tunausema waziwazi tangu mwanzo: sheria inayosubiri mgonjwa awe hatari ndipo imsaidie imechelewa, na sheria inayomlazimisha mgonjwa kutibiwa bila kuilazimisha serikali kumtibu vizuri imefanya nusu ya kazi.

Magonjwa makali ya akili ni yapi, na kwa nini yatajwe pekee katika sheria?

Tunazungumzia skizofrenia (ugonjwa unaoleta sauti na imani zisizo za kweli), bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) inayofikia hatua ya saikosisi, yaani kupoteza uhusiano na uhalisia, na sonona kali inayomfanya mtu aache kula, kulala au kutaka kuishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 23 wanaishi na skizofrenia, yaani takriban mtu 1 katika kila watu 345, na kwamba wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa maradhi ya mwili ambayo yangeweza kuzuiwa au kutibiwa.

Yanahitaji kutajwa pekee kwa sababu kiungo kinachotumika kuamua ndicho kilichougua. Mwenye kisukari anaweza kukataa dawa, lakini kwa kawaida anajua kwamba ana kisukari. Mtu aliye katika saikosisi anaweza asijue kabisa kwamba anaumwa, hali ambayo madaktari huiita anosognosia, na kuieleza kama ukaidi au kiburi ni kumwonea. Kwake, sauti anazozisikia ni za kweli na chakula anachopewa kina sumu, kwa hiyo anapomkataa daktari anafanya jambo ambalo kila mmoja wetu angelifanya kama angeamini anachokiamini yeye. Sheria inayomchukulia mtu huyo kana kwamba amekaa, akapima faida na hasara, kisha akachagua kutotibiwa, inamtelekeza.

Sheria zilizopo zina kasoro gani hasa?

Kasoro ya kwanza, na iliyoenea zaidi, ni kigezo cha hatari. Katika nchi na majimbo mengi mtu hawezi kulazwa bila ridhaa yake mpaka ithibitike kwamba anahatarisha maisha yake au ya wengine, na mara nyingi neno hilo hutafsiriwa kuwa hatari ya papo hapo. Familia zinazopiga simu kuomba msaada huulizwa swali lilelile: je, amempiga mtu, au ameshika silaha? Mama anajibu kwamba hapana, ila mwanawe hajalala kwa siku kadhaa, ameziba madirisha yote kwa magazeti, anakojoa kwenye chupa kwa sababu anaogopa kutoka chumbani, na amepungua mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Anaambiwa apige tena hali ikibadilika. Kubadilika kunakosubiriwa hapo ni mtu kuumia.

Ni haki kueleza kigezo hicho kilitoka wapi, kwa sababu wapinzani wetu watakieleza na watakuwa sahihi. Kwa miongo mingi watu walifungiwa hospitalini kwa sahihi ya daktari au ombi la ndugu, bila muda maalumu na bila tiba. Kenneth Donaldson alizuiliwa katika hospitali ya jimbo la Florida, Marekani, kwa karibu miaka 15, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba serikali haiwezi kumfungia mtu asiye hatari, anayeweza kuishi salama nje kwa nguvu zake au kwa msaada wa ndugu na marafiki, bila kumpa chochote zaidi ya kifungo. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Tatizo ni kwamba watunga sheria wengi walichukua somo moja tu kutokana na enzi ile, la kumtoa mtu kifungoni, wakaliacha la pili, la kumtibu.

Kasoro ya pili ni kwamba sheria nyingi zinajua sehemu mbili tu, wodi na barabarani. Mgonjwa hulazwa, hupata nafuu, huruhusiwa akiwa na karatasi ya kliniki mkononi, huacha dawa, na baada ya miezi michache hurudishwa na polisi. Kasoro ya tatu ni sheria zilizoandikwa kana kwamba mgonjwa hana haki yoyote akishavuka geti la hospitali: hana wakili, hana rufaa, hana wa kumsikiliza.

Ni maneno gani tunayotaka yabadilishwe?

Linganisha vifungu viwili. Cha kwanza kinasema mtu anaweza kulazwa "iwapo ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine". Cha pili kinasema anaweza kutibiwa bila ridhaa "iwapo kwa sababu ya ugonjwa mkali wa akili hawezi kwa wakati huo kufanya uamuzi kuhusu matibabu, na asipotibiwa kuna uwezekano mkubwa wa kuzorota vibaya kiafya au kushindwa kujipatia mahitaji ya lazima, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kumsaidia". Kifungu cha pili ni kirefu, na urefu wake una kazi. Kinapima uwezo wa kuamua, kinaangalia madhara yanayokuja na si yaliyokwisha kutokea pekee, na kinamtaka daktari athibitishe kwamba amejaribu njia nyepesi kwanza.

Si ndoto. Sheria namba 180 ya Italia ya mwaka 1978, ambayo inajulikana zaidi kwa kuanza kufunga hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, haikutumia kigezo cha hatari. Inaruhusu matibabu ya lazima hospitalini pale mgonjwa anapohitaji tiba ya haraka, anapoikataa, na inaposhindikana kumtibu nje ya hospitali. Amri hutolewa na meya baada ya madaktari wawili kukubaliana, hupelekwa kwa jaji ndani ya saa 48, na hudumu siku 7 kabla ya kuhitaji kuongezwa. Nchi ileile iliyoamua kuvunja kuta za hospitali ndiyo iliyotambua kwamba mgonjwa anaweza kuhitaji kutibiwa kabla hajamdhuru mtu.

Katika jimbo la California mwaka 2023 watunga sheria walipanua maana ya mtu kushindwa kabisa kujihudumia, ili iguse pia usalama wake binafsi na matibabu ya lazima ya mwili, si chakula, mavazi na malazi peke yake. Mabadiliko hayo yalidaiwa kwa muda mrefu na familia, na yalipingwa vikali na watetezi wa haki za wagonjwa.

Kwa hiyo mnataka watu wafungiwe?

Hapana. Tunataka kulazwa kwa lazima kuwe jambo la nadra, la muda mfupi na linalokaguliwa, na njia ya kulipunguza ni kumfikia mgonjwa mapema. Kila mswada tunaouunga mkono ni lazima uwe na ukomo wa muda uliotajwa kwa siku, wakili kwa gharama ya serikali, chombo huru cha kusikiliza rufaa, haki ya mgonjwa kupewa maelezo kwa lugha anayoielewa, na marufuku ya kumfunga kamba au minyororo. Sheria ya India ya mwaka 2017 ni mfano mzuri wa kusomwa na kila kikundi: inapiga marufuku minyororo kwa namna yoyote ile, inampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya ya akili, inamruhusu kuandika mapema, akiwa na akili timamu, jinsi anavyotaka na asivyotaka kutibiwa, na inamruhusu kuteua mtu wa kumwakilisha.

Hati hiyo ya maelekezo ya awali tunaithamini kuliko vifungu vingine vingi. Inamaliza ugomvi wa zamani kati ya ndugu na mgonjwa kwa njia ambayo hakuna jaji anayeweza, maana anayesema "nikikataa dawa nikiwa katika hali ile, nipeni" ni mgonjwa mwenyewe.

Je, kuna ushahidi kwamba amri za kutibiwa nje ya hospitali zinafanya kazi?

Ushahidi unagongana, na ni afadhali tuuseme wenyewe kabla hatujasomewa na kamati. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 336 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja chini ya amri rasmi ya matibabu katika jamii na jingine chini ya ruhusa fupi ya kawaida ya kutoka hospitalini. Baada ya mwaka mmoja asilimia 36 ya kila kundi walikuwa wamelazwa tena. Amri peke yake haikuongeza kitu.

Kwa upande mwingine, utafiti wa North Carolina uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliokuwa chini ya amri kwa muda mrefu, siku 180 au zaidi, na wakati huohuo wakapata huduma za mara kwa mara, walilazwa mara chache zaidi. New York nako, ambako sheria iliambatana na fedha za kuajiri wasimamizi wa wagonjwa, tathmini ya mwaka 2009 iliona kulazwa kumepungua. Tukizisoma pamoja, tafiti hizi zinatufundisha kwamba karatasi ya mahakama haimtibu mtu. Kinachomtibu ni muuguzi anayemjua kwa jina, dawa isiyokatika, mahali pa kulala, na mtu wa kumfuata asipofika kliniki. Kikundi kinachodai amri bila kudai hayo kinadai kitu ambacho utafiti hauungi mkono.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu hauzuii matibabu ya lazima?

Kamati inayosimamia mkataba huo wa mwaka 2006 ilitoa maoni mwaka 2014 ikizitaka nchi ziachane na maamuzi yanayofanywa kwa niaba ya mtu na badala yake zimsaidie kuamua mwenyewe, na imekuwa ikisema kwamba matibabu ya lazima yanakiuka mkataba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa zilitoa mwongozo wa kutunga sheria unaoelekea upande huohuo. Nchi nyingi zilizoridhia mkataba zimeendelea kuwa na sheria za matibabu ya lazima, na baadhi ziliweka tamko rasmi la kueleza jinsi zinavyouelewa.

Sisi tunakubaliana na Kamati kuhusu msaada wa kuamua, minyororo na vifungo visivyo na ukomo. Tunatofautiana nayo pale inapodhani kwamba msaada utatosha kwa kila mtu katika kila hali. Mtu anayekufa kwa kiu akiamini kwamba maji yana sumu amekwisha kunyang'anywa uhuru wa kuchagua, na ugonjwa ndio ulionyang'anya. Tofauti hii ielezwe kwa adabu. Wanaotupinga wengi waliwahi kushikwa, kufungwa na kuchomwa sindano bila kuambiwa lolote, na woga wao una msingi.

Tukiwa kikundi kidogo tunaanzia wapi?

Anzeni kwa kuisoma sheria yenyewe, yote, mkiwa na kalamu. Wengi wanapigania kubadilisha sheria ambayo hawajawahi kuiona, na mara nyingine hugundua kwamba kifungu wanachokitaka kipo tayari lakini kanuni zake hazijatungwa, au hospitali haijawahi kukitumia. Katika hali hiyo mnachohitaji ni barua kwa waziri na ufuatiliaji, kazi fupi kuliko kupeleka mswada. Baada ya hapo jueni nani ana mamlaka, kwa kuwa katika nchi nyingine afya iko chini ya serikali kuu, katika nyingine iko chini ya majimbo, na nchini Kenya, kwa mfano, marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yaliwekea serikali za kaunti wajibu wake. Katiba ya Kenya pia inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na nchi nyingi zina mlango wa namna hiyo ambao hautumiki.

Msisubiri kuwa wengi. Mwaka 1843 Dorothea Dix, mwalimu asiye na cheo wala kura, alipeleka mbele ya bunge la Massachusetts maelezo ya aliyoyaona katika magereza na nyumba za maskini alizozitembelea: wagonjwa katika vizimba, vyumba vya chini ya ardhi, wakiwa uchi na wamefungwa minyororo. Bunge liliongeza nafasi hospitalini. Mwaka 1979 familia zilizokutana mjini Madison, Wisconsin, zilianzisha muungano ambao leo ni mkubwa kuliko yote ya wagonjwa wa akili na ndugu zao Marekani, NAMI. Walianza na meza na orodha ya majina.

Ushahidi mbele ya kamati ya bunge uandikwe vipi?

Uwe mfupi, wa kurasa mbili, na uanze na kifungu mnachotaka kibadilishwe pamoja na maneno mnayopendekeza. Wabunge husikiliza habari nyingi za kusikitisha na huwahurumia wanaozieleza, lakini karani anayeandaa ripoti anahitaji maneno ya kuyanukuu.

Kisha elezeni kisa kimoja kwa tarehe. Ndugu anayemuuguza mtu afungue daftari na aandike kila mara alipoomba msaada: siku, saa, ofisi, alichosema, alichojibiwa. Maelezo kama "tarehe 3 tulimpeleka, tukarudishwa kwa sababu hakuwa mkali, tarehe 9 tukarudishwa kwa sababu alikataa kusaini, tarehe 20 alikutwa kwenye reli" yanaonyesha kasoro ya sheria kwa namna ambayo sifa na lawama haziwezi. Msitaje jina la mgonjwa bila ridhaa yake aliyoitoa akiwa na nafuu, na msiwashambulie wauguzi, ambao mara nyingi wamefungwa na sheria ileile na wanaweza kuwa mashahidi wenu bora.

Je, tutumie visa vya mauaji ili tusikilizwe?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu historia inaonyesha kwamba visa hivyo huwaamsha wabunge. Sheria ya New York ya mwaka 1999 imepewa jina la Kendra Webdale, aliyesukumwa mbele ya treni Januari mwaka huo, na ile ya California ya mwaka 2002 imepewa jina la Laura Wilcox, msichana wa miaka 19 aliyepigwa risasi akiwa kazini katika kliniki ya afya ya akili. Familia zao ziligeuza msiba kuwa kazi ya miaka, na tunaziheshimu.

Hata hivyo ushauri wetu ni kutojenga kampeni juu ya hofu. Wagonjwa walio wengi hawajawahi na hawatawahi kumshambulia mtu, na wao ndio hushambuliwa, huibiwa na hubakwa zaidi. Mswada uliozaliwa na hofu huandikwa kwa lengo la kuwalinda watu dhidi ya mgonjwa, na polisi huwa ndio watekelezaji wake. Tena kisa cha New York kina sehemu inayosahauliwa: mtu aliyemsukuma Kendra alikuwa amelazwa mara nyingi, aliwahi kuomba mwenyewe msaada, na alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini wiki chache kabla. Kwa hiyo hata kisa kilichotumika kudai amri za mahakama kinashuhudia pia uhaba wa vitanda na wasimamizi.

Wagonjwa waliopona wakitupinga, tufanyeje?

Wakaribisheni kabla rasimu haijaandikwa, si siku ya kuisoma. Mtu aliyewahi kulazwa kwa lazima atawaambia mambo ambayo ndugu hayajui, kama vile kwamba kilichomtisha zaidi kilikuwa kuchukuliwa na polisi mbele ya watoto wake, au kwamba alichomwa sindano bila mtu yeyote kumweleza ni ya nini. Mengi ya malalamiko hayo yanarekebishika kwa kifungu kimoja. Mkishindwa kukubaliana kuhusu matibabu ya lazima, bado mnaweza kudai pamoja huduma za dharura zisizo za polisi, makazi na dawa.

Fedha zinahusiana vipi na sheria?

Zinahusiana kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, serikali kwa wastani wa kati hutumia asilimia 2.1 ya fedha zao za afya kwa afya ya akili. Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000 katika hospitali za majimbo mwaka 1955. Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii, hospitali zikaendelea kuwatoa wagonjwa, na vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa. Mpango wa bima ya umma kwa maskini wa nchi hiyo, ulioanza mwaka 1965, isipokuwa katika hali maalumu, haulipii matibabu ya mtu wa miaka 21 hadi 64 katika taasisi ya magonjwa ya akili yenye vitanda zaidi ya 16. Kifungu hicho kiko ndani ya sheria ya bima, wala hakimo katika sheria ya afya ya akili. Someni basi sheria za bajeti na bima kwa umakini uleule.

Daktari anasema hawezi kuzungumza na ndugu kwa sababu ya siri ya mgonjwa. Sheria ibadilishwe?

Mara nyingi haihitaji. Siri inamzuia daktari kutoa habari, haimzuii kuzipokea. Andikeni mnachokijua, mkikabidhi kwa sahihi, na ombeni kiwekwe kwenye faili. Mswada mzuri utamlazimu daktari kuzingatia maelezo hayo anapotathmini, na pia historia ya nyuma, kwa kuwa mgonjwa anaweza kujikaza na kuonekana mzima kwa dakika 20 za mahojiano.

Sheria ikishapita, kazi imekwisha?

Sheria ya California yenye jina la Laura, tuliyoitaja juu, ilipitishwa mwaka 2002 lakini iliziachia kaunti hiari ya kuitekeleza, bila fedha mpya. Kaunti ya Nevada, ambako Laura aliuawa, ilianza mwaka 2008 ikiwa ya kwanza kuitumia kikamilifu. Mwaka 2020 yalipitishwa marekebisho yanayoitaka kaunti isiyotaka kushiriki ieleze hadharani sababu zake, na nyingi zikajiunga baada ya hapo. Kwa hiyo katika mswada wenu neno "inaweza" lisomwe kwa shaka kila linapoihusu serikali, na mdai "itapaswa". Dai jingine liwe ripoti ya kila mwaka yenye idadi ya waliotibiwa kwa lazima, muda wao, rufaa zilizokubaliwa, na walioomba huduma wakaikosa. Hiyo ya mwisho ndiyo serikali huipinga kuandika, na ndiyo mtakayoihitaji mwaka unaofuata mtakaporudi kwenye kamati ya bajeti.